Mnauliza, Tunajibu: Kiingereza cha Kuongea

Barua nyingi tulizopokea kutoka Dar safari hii zinalia na jambo moja: msomaji amesoma Kiingereza miaka mingi, kukiandika anakiandika, ila akifungua mdomo mambo hayaendi. Sababu yake inajulikana. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari mtu anatumbukizwa kwenye Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kwa sehemu kubwa ni cha ubaoni na cha kunakili notisi. Mtoto anamaliza akiweza kueleza usanisinuru kwa Kiingereza, lakini hajawahi kuomba chumvi mezani kwa lugha hiyo. Tumechagua barua saba.

Ni mpokea wageni katika hoteli moja Posta. Sarufi haina shida, mtihani nilifaulu vizuri. Lakini karibu kila mgeni ananiambia "Sorry?" Nikirudia kwa haraka ndiyo kabisa hanielewi. Tatizo ni lafudhi yangu?
*Dada wa mapokezi, Posta*

Lafudhi yako haina kosa, dada. Angalia mkazo.

Kiswahili kinaweka mkazo palepale karibu siku zote, silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAbu, kitaBUni, nimekuleTEa. Tena kila silabi inapewa muda wake kamili. Mwingereza au Mmarekani hasikilizi hivyo. Analitambua neno kwa silabi iliyobeba uzito, zilizobaki anazijazia mwenyewe kichwani. Uzito ukihama, neno linampotea hata kama umetamka kila herufi.

Sasa tazama zoea letu linavyotuponza. "Calendar" tunasema kaLENda, wao wanasema KAlinda. "Character" kwetu ni kaRAKta, kwao KArikta. "Category" tunaivuta hadi kateGOri, nao mkazo wameuweka mwanzoni kabisa. "Comfortable" tunaitamka komfoTEbo. Wenye lugha wanaikata kuwa silabi tatu tu, KAMFtabl, na "vegetable" hivyohivyo, VEJtabl. Neno "hotel" limeenda upande mwingine: sisi HOtel, wao hoTEL. Hilo unalitamka kutwa nzima, kwa hiyo anzia hapo hapo. Ukifungua kamusi utaona kimstari kidogo cha wima kilichoinuliwa, ˈ, ndani ya maandishi ya matamshi. Kimstari hicho hukaa kabla ya silabi yenye mkazo. Wengi wanadhani kinakaa baada yake, wanajikuta wamejifunza kinyume.

Kwenye sentensi nzima mambo ni yaleyale. Chukua hii: "I'll send someone to your room in ten minutes." Yenye uzito ni "send", "room", "ten" na silabi ya kwanza ya "minutes". Vilivyobaki vinabanwa. "To" haitamkwi "tuu". Inabaki t na mguno mfupi, kama "a" iliyokatizwa kabla mdomo haujafunguka. Mguno huo ndio irabu inayosikika kuliko zote katika Kiingereza, na Kiswahili hakina, ndiyo maana tunaijazia "a", "e" au "o" kamili kufuatana na herufi iliyoandikwa.

Fanya hivi kwa wiki mbili, dakika kumi kwa siku. Andika sentensi tano unazozisema kazini kila siku. Pigia mstari silabi nzito. Kabla ya kutamka maneno, guna mdundo wake ukiwa umefumba mdomo: mm-MM-mm-mm-mm-mm-MM-mm-MM-MM-mm. Halafu weka maneno juu ya mdundo huohuo. Jirekodi kwenye simu, sikiliza, rudia. Mgeni akikuambia "Sorry?" usiongeze kasi wala sauti. Rudia taratibu, na vuta zile silabi nzito peke yake. Ukiongeza kasi kwa mtindo wetu silabi zote zinabaki sawa, zimefinyangwa tu, na mgeni hana pa kushika.

Nauza vinyago Mwenge. Nikimwambia mzungu bei ni dola 15, anasikia 50 na kuondoka. Mara nyingine nasema 50 anatoa 15. Nifanyeje?
*Mchonga vinyago, Mwenge*

Wewe na wateja wako mna haki ya kuchanganyikiwa, maana hapa Kiingereza chenyewe kina mtego. Shuleni wanafundisha kuwa "fifteen" ina mkazo mwishoni na "fifty" mwanzoni. Ni kweli neno likiwa peke yake. Ila likifuatiwa na neno jingine lenye uzito, kama "dollars" au "thousand", mkazo wa "fifteen" unarudi mbele, na alama uliyoitegemea inapotea. Kinachobaki kutofautisha ni mkia. Kwenye "fifteen" vuta "ii" ndefu, kisha funga na n, ulimi ubaki umegandama kwenye ufizi wa juu hadi neno liishe. Kwenye "fifty" mkia ni mfupi na hauna n. Tukitamka "fifteen" kwa haraka n inamezwa, na mzungu anasikia hamsini.

Mmarekani naye ana lake: "thirty" na "forty" anazitamka t ikiwa laini karibu na d, hivi "thedi" na "fodi". Usishangae.

Kwenye pesa usibahatishe. Taja namba kisha itenganishe: "Fifteen, one-five." Wenye lugha wenyewe hufanya hivyo kwenye simu. Na baada ya namba usiongeze s kwenye "thousand": ni "fifteen thousand shillings". Mteja akisimama mlangoni, "Feel free to look around" inamtuliza kuliko "Welcome, welcome, my friend" tano mfululizo. Na bei ya mwisho itaje hivi: "The best I can do is forty."

Ninafanya kazi kwenye shirika Masaki, nusu ya ofisi ni wageni. Nimesikia kuwa wananiona mkali, wakati mimi ni mtu wa heshima. Pia nikiwaambia "Sorry" wakiwa wamepatwa na jambo wananijibu "It's not your fault." Nimekosea wapi?
*Afisa utawala, Masaki*

Heshima yako ipo, ila kwa lugha yao haionekani pale unapoiweka. Sisi heshima tunaiweka kwenye "naomba", kwenye "dada" na "kaka", kwenye kitenzi kama "nisaidie" na kwenye sauti ya upole. Ukiyageuza hayo neno kwa neno, "nisaidie hilo faili" inakuwa "Help me that file" au "Give me that file", na vyote vile vya upole vimebaki Kiswahilini. Kiingereza kinaweka adabu kwenye umbo la swali. Sema "Could you pass me that file, please?" Badala ya "I want to see you", sema "Do you have a minute?" Kwenye mgahawa usiseme "Give me tea" wala "I need tea", ni "Could I have a tea, please?" na hapo umemaliza.

Mambo mawili yanaharibu zaidi. La kwanza ni "you'd better". Tunaitumia kama ushauri, lakini kwao imebeba tishio: usipofanya, utaona. Ukitaka kushauri, sema "Maybe you could" au "It might be better to". La pili ni "kindly". Kwenye barua pepe za Afrika Mashariki ni adabu ya kawaida, ila likisemwa mdomoni kwa Mwingereza linasikika kama karani anayefoka. "Please" linatosha.

Angalia na "Would you mind". Mwenzako akisema "Would you mind sending me the report?" ameuliza kama utaona ubaya kuituma. Ukijibu "Yes" umekataa. Jibu ni "No, not at all", halafu unatuma.

Sasa "pole". Kiswahili kina neno moja linalobeba huruma yote, kuanzia aliyejikwaa hadi aliyefiwa. Kiingereza kinagawa. Kwa msiba: "I'm sorry for your loss." Kwa ugonjwa au habari mbaya: "I'm so sorry to hear that." Hapo "sorry" ni sahihi kwa sababu sentensi imekamilika. Lakini mtu akijikwaa ngazini, "Sorry!" peke yake anaisikia kama wewe ndiye umemsukuma, ndiyo maana anakusafisha. Muulize "Are you okay?" Pole na kazi haina neno lake. Mkikutana jioni amechoka, "Long day?" inafanya kazi hiyo. Pole na safari inakuwa swali: "How was the trip?"

Na ukitoka ofisini mara moja, usimwambie mtu "I'm coming" huku unampa mgongo. Sisi "nakuja" tunaisema tukiondoka. Yeye atakutazama asielewe unakuja wapi. "I'll be right back." Vilevile rafiki aliyeadimika usimwambie "You are lost." Sema "I haven't seen you in ages!"

Je, nijifunze lafudhi ya Kimarekani ili nionekane najua?
*Kijana wa Sinza*

Hapana. Anayebana pua kwenye maneno machache, halafu sentensi inayofuata akarudi kwao, anamchosha msikilizaji kuliko anayeongea Kitanzania chake mwanzo hadi mwisho. Lafudhi ya Kitanzania inaeleweka vizuri duniani ikiwa mkazo uko mahali pake na irabu zimetenganishwa.

Una mtaji ambao Wafaransa na Wajerumani wanautamani. Sauti mbili za "th" wewe unazo tangu utotoni: ile ya "think" ndiyo ya thamani na theluthi, ile ya "this" ndiyo ya dhahabu na dhambi. Tatizo ni kwamba mtaani wengi tunasema "samani" na "zahabu", na uvivu huohuo unaingia kwenye "sink" na "zis". Ukizitamka vizuri kwa Kiswahili, za Kiingereza zitakuja zenyewe.

Kazi yako kubwa iko kwenye irabu. Sisi tunazo tano. Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu karibu 20. Usizikimbilie zote. Anza na "i" fupi na ndefu. "Ship" na "sheep", "live" na "leave", "fill" na "feel": kwenye ndefu tabasamu na vuta, kwenye fupi legeza midomo, ulimi ushuke kidogo, na sauti ikaribie "e" yetu bila kuifikia. Mwenye kualika wageni Coco Beach aizingatie hii, maana "beach" ikifupishwa inageuka tusi, na "sheet" nayo hivyohivyo. Baadaye shika "bad", "bud" na "bird", ambazo sisi zote tunazifanya "badi". Na hiyo "i" ya mwishoni iondoe kabisa. Neno la Kiingereza likiishia na konsonanti, liishie hapohapo.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, nina usaili wa kazi kwa Kiingereza. Rafiki zangu wanasema naongea kama kitabu. Nisaidieni.
*Mhitimu, Temeke*

Marahaba. Kuongea kama kitabu kunatokana na vitu vitatu hivi, na vinarekebishika kabla ya usaili.

Kwanza, unatamka "I am", "do not", "I will" kwa ukamilifu. Mdomoni ni "I'm", "don't", "I'll". Ukisema "I do not" kamili, msikilizaji anadhani unasisitiza au umekasirika. "Gonna" utaisikia sana kwenye filamu, lakini ina sharti: inafuatwa na kitenzi. "I'm gonna call him" ni sawa, "I'm gonna Kariakoo" haipo. Kwenye usaili iache, tumia "I'm going to". Maneno mazito pia yapunguze: "commence" iwe "start", "purchase" iwe "buy", "in order to" iwe "to".

Kuhusu "can" uwe makini. "I can go" inatamkwa "ai kn GO", "can" ikiwa imemezwa. "I can't go" inabeba uzito kwenye "can't", na t ya mwisho mara nyingi haisikiki kabisa. Ukiitamka "can" kwa nguvu, msaili anaweza kusikia kuwa huwezi. Kwenye usaili hilo ni kosa la gharama.

Pili, Kiswahili kinachungulia kwenye vitenzi. Kiambishi "-na-" kinabeba "ninakula sasa" na "ninamjua" pamoja, kwa hiyo tunazaa "I am knowing him", "I am having two brothers". Kujua, kuwa na kitu, kuamini, kupenda havichukui "-ing" hivyo: "I know him", "I have two brothers." Na "-me-" inatusukuma kusema "I have come yesterday" kwa sababu nimekuja jana ni sahihi kwetu. Ukitaja wakati uliokwisha, jana, juzi, mwaka 2022, rudi kwenye "I came", "I finished". Kama jambo linaendelea hadi leo ndipo useme "I've lived in Temeke since 2015."

Kuna na "Me, I think", ambayo ni "mimi naona" iliyovishwa suti. "I think" inatosha. "Even me" iwe "Me too". Na ile "isn't it?" ya kila mahali, "You are coming, isn't it?", tumetafsiri "si ndiyo?" Kiingereza kinadai "aren't you?", "don't they?", "didn't he?", kila kitenzi na chake. Ukishindwa kuipata papo hapo, "right?" inafaa karibu kote.

Jambo moja linafaa uketi nalo, maana linabadilisha maana kabisa. Ukiulizwa "Hujaleta vyeti?" nawe hujaleta, kwa Kiswahili unajibu "Ndiyo, sijaleta", ukikubaliana na muulizaji. Kwa Kiingereza "Didn't you bring your certificates?" hujibu kwa kukubaliana na mtu, unajibu kwa kuangalia ukweli wa jambo. Hukuleta: "No, I didn't." Umeleta: "Yes, I did." Ukisema "Yes" peke yake, msaili anaandika kuwa vyeti umeleta. Mpaka uzoee, usijibu "yes" au "no" tupu kwa swali la kukanusha. Malizia daima na "I did" au "I didn't".

Tatu, kimya. Ukifikiri kimyakimya sekunde tano huku unatazama meza, kwetu ni utulivu, kwa msaili mgeni inaonekana umekwama. Jaza nafasi kwa "Well, let me think" au "That's a good question", hii ya pili mara moja tu kwa usaili mzima. Ukikosea katikati ya sentensi usirudi mwanzo kama unasoma risala. Sema "I mean" na uendelee kutoka hapo. Yeye akiongea, mpe "Right", "I see", "Oh, really?" kama unavyompa mwenzako "eeh" na "enhee". Usiposikia, acha "What?", sema "Sorry?" ukipandisha sauti mwishoni, au "Could you say that again?"

Nataka kufanya mazoezi lakini sina mtu wa kuongea naye, na nyumbani wananicheka.
*Mama wa Tabata*

Anza bila mtu, mama. Kuna zoezi linaloitwa 4/3/2 ambalo walimu wa lugha wanalitumia sehemu nyingi. Chagua jambo dogo unalolijua, tuseme jinsi ya kupika pilau. Weka saa kwenye simu, lieleze kwa Kiingereza dakika 4. Lieleze tena lilelile kwa dakika 3, halafu kwa 2. Mara ya kwanza utasuasua ukitafuta maneno. Mara ya tatu maneno umeshayapata, na mdomo unapata nafasi ya kukimbia. Ukibadilisha mada kila mara zoezi linakufa, kwa sababu unabaki mzunguko wa kwanza siku zote.

Siku nyingine fuatisha sauti. Tafuta kipande cha mazungumzo cha sekunde 20 hadi 30, BBC Learning English wanavyo vingi vya bure, punguza kasi ya YouTube hadi 0.75, na ongea juu ya msemaji, nyuma yake kwa nusu sekunde. Iga kupanda na kushuka kwa sauti, hata kama neno moja moja linakuponyoka. Kipande kimoja kifanye wiki nzima. Ukitaka kusikia neno fulani watu wanalitamkaje, kamusi ya Cambridge ya mtandaoni ina vitufe viwili, sauti ya Uingereza na ya Marekani, na tovuti ya YouGlish inakutolea vipande vya video ambamo watu wanalisema.

Kwenye daftari usiandike maneno peke yake. "Borrow" likikaa peke yake utasema "Borrow me your pen", kwa sababu kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili. Andika kipande kizima: "Can I borrow your pen?" na chini yake "Can you lend me your pen?" Vipande vitatu kwa siku, na kila kimoja kitumie kwa sauti kabla ya kulala. Ukishampata mwenzako, hata shoga wa jirani, wekeaneni dakika 15 mara mbili kwa wiki na makubaliano ya kutosahihishana mpaka muda uishe. Anayekatizwa kila sentensi huacha kuongea.

Naendesha teksi Uwanja wa Ndege. Mgeni aliniambia "half seven" nikafika saa moja na nusu asubuhi, yeye alikuwa akinisubiri tangu saa kumi na mbili na nusu. Nani alikosea?
*Dereva, Airport*

Muulize ni wa wapi. Kwa Mwingereza "half seven" ni 7:30, yaani saa moja na nusu yetu, na ungekuwa sahihi. Kwa Mjerumani, kwao hesabu hiyo humaanisha nusu kabla ya saba, 6:30, na wengi wanaibeba hivyohivyo wakiongea Kiingereza. Mmarekani mara nyingi hatumii kabisa msemo huo. Ongeza na yetu ya kutoa au kujumlisha sita, na safari ya watu kupanda ndege imeshaingia hatarini.

Wewe usitumie "half". Mrudishie kwa tarakimu na sehemu ya siku, na mkazo uwe kwenye namba: "So that's SIX THIRty in the MORning, SATurday, right?" Kisha mwandikie 6:30 am kwenye simu mbele yake, asome, aitike.